Yuki, yuuki: kujiandaa na shule ya Kijapani ukiwa Arusha

Shule za lugha nchini Japani hupokea wanafunzi Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Anayelenga Aprili aanze kushughulikia makaratasi mwaka uliotangulia, mwezi wa tisa hivi, kwa sababu shule ndiyo inayokuombea COE, hati ya uhamiaji inayoonyesha kwamba unastahili kukaa kule kama mwanafunzi. Ikitoka, hudumu miezi mitatu. Ndani ya muda huo uwe umeshaomba viza ubalozini Dar es Salaam na umeshatua Japani.

Makaratasi hukwama kwa vitu vidogo. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Elizabeth, cha kidato cha nne kinasema Elisabeth: nyoosha hilo kabla ya kuomba pasipoti. Taarifa ya benki ya mdhamini ikionyesha hela zimeingia kwa mkupuo juzi tu, maswali hayakosekani. Halafu shule nyingi hudai miaka 12 ya masomo. La saba na kidato cha nne ni miaka 11. Wa kidato cha sita anavuka, aliyeishia cha nne aulize kwanza kabla ya kulipa ada ya maombi.

Darasani ni siku tano kwa wiki, vipindi kama 20, na mwalimu hufundisha Kijapani kwa Kijapani tangu mwanzo. Kwa hiyo seti mbili za herufi za silabi, hiragana 46 na katakana 46 (hii ndiyo ya majina na maneno ya kigeni), zimalizwe huku huku nyumbani. Nunua daftari la hesabu la miraba, herufi kumi kwa siku, ukifuata mpangilio wa kuchora mistari ya kila herufi. Zinazosumbua ni シ na ツ. Kwenye シ (shi) vistari viwili vimepangana upande wa kushoto na mkono wa mwisho unapanda kutoka chini. Kwenye ツ (tsu) vimepangana juu na mkono unashuka. ン na ソ ni kisa kilekile, ila kistari ni kimoja.

Matamshi ndiyo yanayotuponza, na yanatuponza kwa sababu yanaonekana rahisi. Irabu ni zetu zilezile tano, basi mtu anajiona ameshafika. Lakini Kiswahili huvuta silabi ya pili kutoka mwisho, na Kijapani huhesabu urefu. Yuki ni theluji. Yuuki ni ujasiri. Koko ni hapa. Kookoo ni sekondari ya juu. Mswahili akisema “yuki” kwa mazoea yetu, theluji inaelekea kuwa ujasiri. Dawa ni kupiga makofi: yu-ki mawili, yu-u-ki matatu. Kitte, yaani stempu, nayo ni matatu, la katikati likiwa kimya. Ukilimeza umesema kite, “njoo”. Tuna nafuu moja: n ya hon, kitabu, hubeba kofi lake peke yake, kama m ya mtu. Usiiongezee i mwishoni.

Usaili wa mtandaoni ukipangwa saa nane mchana ya Japani, kwetu ni saa mbili asubuhi. Hakikisha bando na chaji tangu usiku.

Ukifika, omba kibali cha kufanya kazi palepale uwanja wa ndege. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 28 kwa wiki muhula ukiendelea. Ukishapata makazi, una siku 14 za kuandikisha anwani yako ofisi ya mji. Utoro darasani ni hatari kuliko alama mbaya, maana mahudhurio hutazamwa unapoongeza muda wa kukaa.

Amua pia mapema jina lako litaandikwaje kwa katakana, kisha usilibadilishe, maana likitofautiana benki na kazini mshahara unaweza kugoma kuingia. Lyimo anaweza kuwa Rimo au Riimo, achague moja. Akina Mushi wa Moshi wajue kwamba mushi kwa Kijapani ni mdudu. Hapo ndipo ule mvuto wetu wa silabi unapofaa: andika ムーシ, Muushi, kama tunavyolitamka Kibosho.