Swali la Bibi kwa Mgombea wa Jembe

Juzi binti yangu, ambaye atapiga kura kwa mara ya kwanza, aliniuliza kama ni kweli babu yake aligombea ubunge kwa picha ya jembe. Nikamjibu ndiyo, na usiku huo sikulala vizuri.

Ilikuwa 1980. Chama kimoja, wagombea wawili kila jimbo, mmoja jembe na mwingine nyumba. Mikutano ilipangwa na chama, nao walisimama jukwaa moja wakapewa muda sawa. Kanga na fulana za wagombea hazikuwepo. Hata sukari ilikuwa adimu. Kiwanda chetu cha Kagera kilikuwa kimeharibiwa katika vita na Amin wa Uganda, na Mwalimu Nyerere alishatuambia tufunge mkanda miezi 18. Nyumba alikuwa mwalimu mkuu, mtu mwema. Jembe alikuwa Tata, yaani baba yangu, sajini aliyeacha jeshi mwaka huohuo.

Mkutano ninaoukumbuka ulifanyika ng'ambo ya mto, kwenye kiwanja cha shule. Watu wa huko ndio waliochomewa nyumba na kuporwa ng'ombe askari wa Amin walipoingia 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa nyuma yao. Tata alizungumzia maji, barabara na mashamba ya migomba yaliyogeuka pori. Wakampigia makofi: Afande! Afande!

Yakaja maswali. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini, karibu kabisa na jukwaa, akainuka kwa kushika bega la mjukuu wake.

"Afande, mwanangu alikuwa mgambo. Mliondoka pamoja. Wewe umerudi na sasa unataka tukupeleke Dar es Salaam. Yeye ulimwacha wapi?"

Katibu wa chama akasimama kusema swali hilo halihusu uchaguzi. Tata akamwomba akae. Akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. Kiwanja kizima kilikuwa kinamtazama. Mimi nilikuwa nimekaa na watoto wenzangu chini ya mti, nikaona kidevu chake kinacheza, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Mama, nilimwacha Lukaya."

Nyumbani hatukuwahi kulisikia jina hilo la mji wa Uganda. Kwetu vita ilikuwa Kampala, Aprili 11, watu wakishangilia barabarani. Lukaya alikuja kuitaja pale, mbele ya wapiga kura. Akasema ilikuwa usiku wa Machi 1979, nao walikuwa brigedi ya 201, wengi wao mgambo, na barabara inapita katikati ya kinamasi. Roketi za Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, zikaanza kuanguka.

"Tulitawanyika, Mama. Na mimi nilikimbia. Alikuwa kuliani kwangu, kulipokucha hakuwepo. Tuliporudi kupigana nilimkuta. Kiatu kimoja alikuwa amekifunga kwa kamba ya mgomba. Nilimfumba macho, kisha nikaamriwa nisonge mbele. Waliomzika ni wengine."

Bibi akauliza, "Alilia?"

"Sikumsikia."

Angeweza kumwambia hapana, hakulia, alikufa kishujaa. Naamini wagombea wengi wangesema hivyo, na huenda ingekuwa huruma. Bibi alitikisa kichwa taratibu, akasema "Haya," akaketi. Zamu ya mwalimu mkuu ilipofika, alisema hana la kuongeza, akatuomba tusimame kwa ajili ya marehemu.

Oktoba Tata alishindwa. Mama aliamini jibu lile ndilo lililomkosesha kura, kwamba askari hajitangazi kuwa alikimbia. Mjomba alisema mwalimu alikuwa amefundisha nusu ya jimbo, angeshinda vyovyote vile. Tata mwenyewe hakulizungumza, wala hakugombea tena.

Tangu 1992 askari hawezi kuwa mwanachama wa chama cha siasa mpaka avue gwanda, na wengi wamevua wakaingia Bungeni. Kikwete aliacha jeshi akiwa luteni kanali. Ninapomwona mstaafu wa jeshi akiomba kura, natamani kwenye umati awepo mtu wa kumuuliza kuhusu wale ambao hawakurudi. Halafu nakikumbuka kile kidevu, naona hakuna mtu anayestahili kuulizwa hivyo mbele za watu, watoto wake wakiwa wanamtazama. Yote mawili nayaamini.