Siku yangu moja na walezi wa makao ya watoto, Tanga

Saa 12 asubuhi. Natoka Ngamiani kwa bajaji kwenda makaoni kuwafunza walezi, chai nitainywa hukohuko. Nataka niyawahi makabidhiano ya zamu. Mlezi wa usiku anamwambia mwenzake, "Wamelala salama, hakuna shida." Nauliza: nani kakojoa kitandani? Nani kaamka analia? Hapohapo yanatoka mambo matatu. Haya, daftarini.

Saa 1. Uji na muhogo. Mtoto mmoja anatia kipande mfukoni, mlezi mgeni ananyoosha mkono amnyang'anye. Namkonyeza amwache. Juzi walikuta vipande vimeota ukungu chini ya godoro, wakamwita mwizi. Mtoto aliyezoea kulala na njaa haamini kama kesho kuna chakula. Kumfokea kunamzidishia hofu. Tunakubaliana apewe kopo lake lenye kifuniko, likaguliwe kila jioni. Panya watafute pengine.

Saa 3, darasani. Sheria ya Mtoto ya 2009 naipitia mbiombio, nasisitiza namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ibandikwe watoto wanapoiona, si ofisini kwa msimamizi. Bibi mmoja ananikatisha: "Mwanangu, mimi nimelea sita. Wewe utanifundisha nini?"

"Shikamoo bibi. Wa kwako ulijua walikopitia. Hawa je?"

Basi tunaigiza. Ni saa 4 usiku, mtoto kaletwa kutoka dawati la jinsia na watoto la polisi. Bibi anaanza: unaitwa nani, kwenu wapi, mama yako yuko wapi, nani kakupiga? Anayeigiza mtoto anainamisha kichwa, kimya. Tunarudia. Safari hii bibi anajitaja jina, anatoa maji, anaonyesha choo na kitanda, anasema taa ya ukumbini haizimwi. Maswali atayauliza afisa ustawi wa jamii kukicha. Kichwa kinainuka chenyewe.

Saa 7. Wali na samaki.

Saa 8. Hapa ndipo pagumu: mtoto kurudi kwao. Makao ni ya muda, na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inaweka familia mbele. Walezi wananiruka: "Akirudi atateseka!" Pengine kweli, ndiyo maana nyumbani hukaguliwa kwanza na mtoto hufuatiliwa baadaye. Ila mara nyingine ni wivu tu, mtu keshazoea kuitwa mama. Nawaambia wasimseme vibaya mzazi mbele ya mwanawe. Na ile nguo kuukuu aliyokuja nayo, mnayoichoma moto, ifueni muitunze na kadi yake ya kliniki. Ni mali yake.

Saa 10. Naangalia ratiba ya zamu: usiku mlezi mmoja, watoto ishirini na ushei. Namfuata msimamizi, ananijibu bajeti. Huyo mlezi mmoja atambembeleza nani, amwache nani? Semina hata kumi haziwezi kuziba pengo hilo. Nafungua ripoti yangu kwa wafadhili, naliandika juu kabisa, kabla ya mahudhurio.