Siku Moja ya Mwalimu wa Hisabati Mgeni Jijini Kigali

Saa 11:00 alfajiri kwa saa za Kigali, Morogoro imekwisha kuwa saa 12:00 asubuhi, na mwili wangu bado unaifuata Morogoro. Naamka kabla simu haijalia. Ni mwezi wa Oktoba, mvua zimekwisha kuanza, na mabonde ninayoyaona kutoka dirishani kwangu hapa Kimironko yamejaa ukungu. Naweka chai ya tangawizi jikoni, natazama uniti zilizobaki kwenye mita ya umeme wa kulipia kabla, ambao wenyeji huuita Cash Power na ambao huingizwa kwa tarakimu kama LUKU yetu, kisha nakaa mezani na andalio la somo.

Andalio la somo hunichukulia muda mrefu kuliko nilipokuwa nyumbani, na sababu yake ni lugha. Sisi tuliofundisha sekondari Tanzania tunaijua siri ambayo haiandikwi kwenye azimio la kazi: mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza, na mwalimu akiona darasa limenyamaza hugeukia Kiswahili kwa dakika chache, wanafunzi wakaelewa, ndipo akarudi kwenye Kiingereza. Mlango huo wa nyuma nimeutumia miaka yote ya kazi yangu. Rwanda nayo iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, na watoto wa hapa, kama wale wa Morogoro, hufikiri kwa lugha nyingine kabisa. Tofauti ni kwamba lugha yao ni Kinyarwanda, nami Kinyarwanda changu hakivuki salamu na bei za sokoni. Kwa hiyo kila alfajiri najiuliza swali moja: darasa likinyamaza leo, nitashika nini? Jibu huwa ni mchoro, kitu cha kushikwa mkononi, au mwanafunzi mwenzao.

Saa 1:00 asubuhi natoka. Mama mwenye nyumba anafagia uani, nami namwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba mwalimu, umeamkaje?" kwa Kiswahili safi cha Karagwe, alikokulia kabla familia yake haijarejea Rwanda. Ni yeye aliyenipeleka kwa kiongozi wa isibo, ngazi ya chini kabisa ya utawala hapa, inayokusanya kaya chache za jirani chini ya kijiji. Mtu aliyekulia Tanzania anamwelewa kiongozi huyo mara moja, kwa kuwa kazi zake zinashabihiana sana na za mjumbe wa nyumba kumi: kujua nani amehamia, nani mgonjwa, nani ana shida. Alinikaribisha, akaandika jina langu na kazi yangu, akanieleza kuhusu umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Naamini kwa dhati kwamba mgeni yeyote anayehamia hapa anapaswa kuanzia kwa mtu huyu kabla ya kutafuta hata pazia la dirisha, maana kuanzia siku ile jirani zangu walianza kunisalimu kwa kuniita mwarimu.

Kutoka Kimironko nachukua basi la kwenda Remera, nalipa kwa kugusisha kadi, kisha nabadilisha kuelekea Kicukiro. Huku magari hupita kulia, kinyume cha Tanzania. Basi nililokuja nalo lilibadilisha upande lilipovuka mpaka wa Rusumo, lakini macho ya mtembea kwa miguu hayabadiliki haraka kama dereva, kwa hiyo kila ninapovuka barabara nasimama kwanza, natazama kushoto, kulia, na kushoto tena. Siku za mvua kubwa napanda pikipiki. Dereva hunipa kofia ngumu kabla hajawasha injini, na hachukui abiria wawili hata uombe vipi. Nimeupenda utaratibu huo, na ningetamani bodaboda wa kwetu waufuate.

Saa 2:00 nipo chumba cha walimu, ambamo Kiingereza husikika kwa lafudhi za Uganda, Kenya, Zimbabwe na Rwanda yenyewe. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 masomo nchini Rwanda huanza saa 2:30 asubuhi na kumalizika saa 11:00 jioni. Kwangu mimi, niliyezoea kumkuta mwanafunzi wa Morogoro akiwahi namba gizani na kufika darasani akisinzia, huu ni uamuzi wa maana sana: watoto wa hapa wanakaa kwenye kipindi cha kwanza wakiwa macho. Kipindi hicho ni cha wadogo wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, milinganyo ya kawaida, nacho kinakwenda vizuri bila jambo la kusimulia.

Kazi ya leo iko saa 4:30, katika vipindi viwili vilivyofuatana vya darasa la S4, wanafunzi zaidi ya 40 wanaoanza sekondari ya juu. Mada ni trigonometria, na ndani yake pembe ya mwinuko, yaani pembe kati ya usawa wa jicho na kilele cha kitu unachokitazama. Wiki iliyopita nilieleza mada hiyo ubaoni kwa nusu saa, nikauliza kama wameelewa, wakajibu kwa pamoja kwamba wameelewa. Nilipopitia madaftari niliona kwamba walinijibu hivyo kwa adabu. Leo sikuandika kitu ubaoni. Nimewagawia vipimapembe, uzi, mirija ya kunywea soda na vijiwe, na kila kundi likatengeneza klinomita yake, kifaa cha kupimia pembe hiyo: mrija umegundishwa kwenye ukingo ulionyooka wa kipimapembe, uzi umefungwa katikati ya ukingo huo, na kijiwe kinauvuta uzi wima kuelekea chini. Anayepima huchungulia kwenye mrija hadi aone kilele cha mti, na mwenzake husoma mahali uzi ulipokatiza kipimapembe.

Tumetoka nje kupima mkaratusi ulio nyuma ya maktaba. Kundi la kwanza limesimama mita 20 kutoka kwenye shina, uzi umeonyesha 50, na kijana aliyeshika daftari ameandika nyuzi 50, akatafuta tanjenti yake na kuizidisha kwa 20. Amepata mti wa zaidi ya mita 25 baada ya kuongeza mita moja na nusu ya kimo cha jicho. Binti mmoja, mkimya sana darasani, amemtazama, akachukua klinomita, akaishika ikiwa imelala mlalo kabisa. Uzi umeangukia 90. Ameinyanyua kidogo kidogo, na wote wakaona namba ikipungua kadiri mrija unavyopanda. Hapo ameanza kuwaeleza wenzake kwa Kinyarwanda, haraka haraka, huku akichora hewani kwa kidole, nami nimesimama pembeni nisielewe hata sentensi moja, lakini nikifuata kila hatua ya hoja yake kwa kuutazama mkono wake. Alipomaliza, kijana amefuta 50 akaandika 40, kwa sababu pembe tunayoitaka ni ile inayobaki ukitoa 50 kwenye 90. Tanjenti ya nyuzi 40 ni 0.84 kwa kukadiria. Mti umerudi kwenye mita 18 na kitu, na ukiutazama unaona kabisa kwamba hiyo ndiyo saizi yake.

Nimemwomba binti huyo arudie maelezo yake kwa Kiingereza mbele ya darasa zima. Ameyarudia kwa sentensi tatu fupi, zote sahihi. Asubuhi ile ile, mtu angemuuliza swali hilo kwa Kiingereza tu, angekaa kimya na kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua. Hili ndilo jambo ambalo kazi ya hapa imenifundisha kwa nguvu kuliko miaka yangu yote ya nyumbani: ukimya wa mwanafunzi anayefundishwa kwa lugha ya pili hauonyeshi anajua kiasi gani. Morogoro nilikuwa na haraka ya kuuvunja ukimya ule kwa kueleza mwenyewe kwa Kiswahili. Hapa siwezi kueleza, kwa hiyo lazima nimpe mtoto nafasi ya kueleza, na anaeleza vizuri kuliko mimi.

Kabla hatujaingia ndani, mwanafunzi mwingine ameinua mkono. "Mwalimu," ameuliza, "mita zile 20 tumezipima kwenye mteremko. Je, hesabu bado ni sahihi?" Swali zuri mno. Hesabu yetu inadai ardhi tambarare, na Kigali yote imejengwa juu ya vilima. Hata uwanja wa shule yetu unateremka kuelekea kwenye geti. Kengele imelia kabla sijajibu, na nimefurahi kwamba wameondoka nalo.

Chakula cha mchana ni wali na maharage, na wanafunzi wote hula shuleni. Mchana nina vipindi viwili vya kawaida, na katikati yake saa moja ya kusahihisha. Mwenzangu anayefundisha Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini humu mwaka 2017, hunikalisha dakika kumi nimsikilize akisoma insha za wanafunzi wake, nami humwomba anisaidie kutunga maswali ya Kinyarwanda ninayoweza kuyatumia darasani: nionyeshe, umepataje, mwenzako anasemaje. Nayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio.

Saa 12:00 jioni nashuka Kimironko, giza likianza kuingia, na kupitia sokoni. Wauzaji wengi hujibu Kiswahili, wengine kwa lafudhi ya Kongo, na bei hupungua kidogo ukiuliza habari za nyumbani kwanza. Nanunua parachichi, fungu la dodo, ambalo sisi tunaliita mchicha, na sambaza wakavu wa Ziwa Kivu, wanaokaribia kabisa ladha ya dagaa. Vyote vinaingia kwenye kikapu changu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008.

Saa 2:00 usiku nampigia mama. Lazima niwahi, kwake ni saa 3:00 na hulala mapema. Anauliza kama ninakula vizuri, kama kuna baridi, na kama nikiugua yupo wa kunipikia uji. Namwambia yupo, mama mwenye nyumba. Ananyamaza kidogo, kisha anasema nimpe salamu zake, na mwezi ujao atatafuta mtu anayesafiri amletee mchele wa Kilombero. Huzuni ya kuwa mbali naye ipo, siifichi. Ila salamu zile nimezifikisha usiku huu huu, na mama mwenye nyumba ametaka kujua mchele wenyewe hupikwaje.

Saa 3:00 narudi mezani. Swali la mteremko linastahili kipindi kizima, na jibu lake linaweza kupatikana kwa klinomita ile ile: kwanza upime pembe ya kilele cha mti, halafu pembe ya mguu wa shina, chini ya usawa wa jicho, na pembetatu mbili badala ya moja zitatoa urefu wote. Umbali wenyewe utahitaji kamba iliyovutwa mlalo kabisa, bila kufuata mteremko, hatua kwa hatua, mmoja akisimama upande wa juu wa mteremko na mwingine upande wa chini. Nimewaandikia viongozi wa darasa waje kesho na kamba ndefu na fimbo mbili zilizonyooka, na kwenye andalio, mahali pa kuandika nani ataeleza, nimeacha nafasi kwa yule kijana aliyeandika 50.