Kwotabeki akishika filimbi

Mtaje kwotabeki pale uwanja wa Mao Zedong, Zanzibar, utaulizwa anacheza beki gani, ya kulia au ya kushoto. Si beki hata kidogo. Ndiye mchezeshaji wa mpira wa Kimarekani, karibu kila shambulizi linapita mkononi mwake. Steve Spurrier alikuwa mmoja wao: mwaka 1966, akichezea Chuo Kikuu cha Florida, alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 1990 akarudi chuoni hapo kuwa kocha, na msimu wa 1996 akabeba ubingwa wa taifa. Kwotabeki wake, Danny Wuerffel, naye akaondoka na Heisman mwaka huohuo.

Spurrier alipanga mashambulizi mwenyewe, na mchezo wao unamruhusu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo, na kila jaribio likiisha mchezo unasimama. Kocha anapata pumzi ya kusema. Soka yetu haisimami. Kiungo mstaafu aliyegeuka kocha, anayepiga kelele "toa kulia!" pembeni mwa uwanja wa Gombani, Pemba, keshachelewa, sauti ikifika, beki keshaziba. Baya zaidi, kijana anazoea kumtazama kocha badala ya wenzake.

Cha kuiga ni hesabu ya hatua. Kwotabeki hurudi nyuma hatua 3 kwa pasi fupi, 5 kwa ya kati, 7 kwa ndefu, na mara nyingi mpira humtoka kabla mpokeaji hajageuka. Akimngoja ageuke kwanza, mlinzi anaunyaka.

Kwetu fanya hivi. Weka koni mita 12 mbele ya winga, na nyingine mita 5 kutoka hiyo, kuelekea katikati ya uwanja. Winga anakimbilia koni ya kwanza, anakata kwenda ya pili. Kiungo ana miguso miwili tu: wa kwanza kutuliza, wa pili pasi kwenye koni ya pili, winga akiwa bado anaikaribia ya kwanza. Mara 10 kila upande, kisha ongeza beki. Mwanzoni winga atapunguza mwendo autafute mpira, na kiungo atampigia mguuni. Kocha asiseme neno mpaka zamu 10 ziishe. Hapo ndipo wachezeshaji wa zamani wanaposhindwa.

Mnaofanyia pwani, mita 12 ziwe 8, mchanga unaua pasi. Na siku za bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, fanyeni asubuhi. Saa kumi alasiri koni zitakuwa zinaelea.