Kamera ya chuma kwa kazi ya magofu ya pwani

Napiga picha za majengo ya kale ya pwani yetu, hasa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na nazipiga kwa filamu za vipande, inchi 4 kwa 5. Wenzangu huniuliza kwa nini nimejitwisha kamera ya chuma ya kilo mbili na nusu na ushei, wakati siku hizi zipo za mbao zenye kilo moja na kidogo. Naandika jibu lote hapa, maana anayetaka kuingia kwenye kazi hii ataokoa fedha nyingi akijua cha kutazama kabla hajanunua.

Fomati kubwa yenyewe, yaani kamera za filamu za vipande vikubwa kama hivi, sikuitaka kwa ajili ya urembo. Ukisimama chini ya ukuta mrefu ukainua kamera ya kawaida, kuta zote kwenye picha hulalia nyuma. Kamera ya fomati kubwa unaiacha mgongo wake, ambako filamu hukaa, ukiwa wima, kisha unapandisha lenzi peke yake mpaka ncha ya ukuta iingie. Ukuta uliosimama utaonekana umesimama, na ulioinama utaonekana umeinama kweli. Kwa magofu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu siku moja mtu ataichukua picha hiyo apime ukuta umesogea kiasi gani. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Tangu siku ile kila jengo ninalolipiga nalipiga nikijua kwamba huenda picha ndiyo itakayobaki.

Nilianza na kamera ya mbao ya kuazima. Ilikuwa nyepesi na nzuri machoni, na mahali pakavu ningeendelea nayo bila neno. Lakini masika yalipoingia fremu ya nyuma ilivimba, ikawa kuigeuza kutoka picha ya kulala kwenda ya kusimama ni kuivuta kwa nguvu, na kila ukivuta tripodi inasogea. Halafu kuna kusi. Mvukuto wa kamera, lile kunjo jeusi linalounganisha lenzi na mgongo, hushika upepo vizuri mno. Nilikuwa nakaza vifungo, naingiza holda ya filamu, yaani kasha bapa linaloshika kipande cha filamu, nikirudi kutazama mbele nakuta lenzi imekwisha legea kidogo. Kidogo hicho kinatosha kuharibu picha. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta chuma. Nasema chuma kama tunavyosema mtaani. Nyingi ya kamera hizi zina mwili wa aloi nyepesi ya kumimina, ambao haushiki kutu. Skrubu na roda ndizo zinazoshika.

Nilizozifikiria zilikuwa chache. Graflex za Marekani zilinivuta kwa bei. Ila Speed Graphic na Crown Graphic ndani ya ngozi ile ni mbao ya mkangazi, na zilitengenezwa kwa waandishi wa habari: mgongo haupindi, na lenzi hupanda kidogo tu. Super Graphic ni ya chuma na mbele yake inapinda vizuri, lakini mgongo wake haupindi. Horseman ya Japani niliipenda sana. Ni chuma kitupu na ina takriban kilo mbili, ila kibao chake cha lenzi, yaani bamba ambalo lenzi hufungwa juu yake, ni cha milimita 80 tu, hivyo lenzi zenye kitako kipana hazikai, na mvukuto wake ni mfupi. Mimi napiga pia nakshi za mawe ya matumbawe kwa karibu. Ukitaka nakshi itoke kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi kwa lenzi ya milimita 150, lazima lenzi iwe mbali na filamu kwa milimita 300. Mvukuto usipofika huko, huna la kufanya.

Zikabaki Wista, Toyo na Linhof. Zote tatu ni kamera za kuaminika, na aliyepata mojawapo kwa bei nzuri asiiache. Kilichoniamulia ni vibao vya lenzi. Kibao cha Linhof Technika kuanzia toleo la IV kinaingia kwenye matoleo yaliyofuata, na Wista nayo inakipokea. Maana yake nikiharibikiwa na mwili wa kamera, lenzi zangu hazibaki yatima. Nikaamua Super Technika V, iliyoanza kutengenezwa München mwaka 1963. Mvukuto wake hufika milimita 430, mgongo unazunguka bila kuuchomoa, na ukiifunga inakuwa kasha lenye lenzi ndogo ndani. Niliipata kwa bei inayokaribia ya bodaboda iliyotumika, pamoja na ushuru wa forodha.

Kabla ya kuitumia niliipeleka kwa fundi wangu wa Kariakoo, mzee aliyezoea kamera tangu enzi za studio. Aliitazama, akasema, "Mwanangu, usianze na lenzi. Anza na kioo." Kioo cha ukungu ndicho unachotazamia picha, na upande wake wenye ukungu lazima uelekee lenzi. Tena lazima ukae umbali uleule ambao filamu itakaa ikishaingia kwenye holda, ambao kwa fomati hii ni karibu milimita 5. Mzee alilaza rula ya chuma juu ya mgongo wa kamera, akashusha kipimo cha kina hadi kwenye kioo, pembe zote nne na katikati. Kisha akapima holda yenye kipande cha filamu mbovu ndani. Vipimo vililingana. Angekuta mwenye kamera wa zamani amechomeka plastiki ya kuongeza mwanga kati ya kioo na lenzi bila kurekebisha kina, ningekuwa nafokasi vizuri kwenye kioo na kila picha inatoka na ukungu, wala nisingejua kwa nini. Kwangu kipimo hiki kinazidi mng'aro wa mwili na uzuri wa ngozi, na muuzaji anayekataa kukifanya simnunulii.

Kisha tukazima taa, tukaingiza tochi ndani ya mvukuto na kuuvuta wote. Kwenye pembe za mikunjo vilionekana vitobo viwili vitatu, vyeupe kama nyota. Akaviziba kwa rangi nyeusi ya mpira. Grisi ya reli ambazo lenzi huteleza juu yake ilikuwa imeganda, akaisafisha kwa spiriti na kupaka mpya kidogo sana, kwa sababu grisi nyingi hukusanya mchanga.

Kilwa ndiko ilikojibu. Kutoka Kilwa Masoko tunavuka kwa boti, na manyunyu ya chumvi hayakwepeki. Kamera inakaa imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Jioni naifuta yote kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha kikavu, halafu inalala na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kwa sababu kuvu ya lenzi kwenye pwani hii haimsamehe mtu. Ndani ya Msikiti Mkuu, kati ya zile nguzo na kuba, mwanga ni mdogo. Nikiziba lenzi mpaka f/32, tundu dogo sana, mita ya mwanga inaniambia sekunde 10, na kwa filamu ya FP4 Plus hizo 10 nazifanya 18, kwa sababu filamu hupungukiwa nguvu kwenye mwanga wa muda mrefu. Sekunde 18 upepo ukipita milangoni, na lenzi haijasogea. Uzito unaolalamikiwa ndio unaoishikilia pale juu ya tripodi.

Ina upungufu wake nao nauheshimu. Lenzi haishuki chini ya kiwango chake. Nikisimama ukingoni mwa bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa nikitaka kutazama chini, inanibidi niinamishe kitanda cha mbele, lile bamba linalobeba reli na lenzi, kisha ninyooshe lenzi iwe wima tena. Inafanyika, ila inakula muda na jua la asubuhi halingoji. Lenzi pana nazo zinataka kitanda hicho kishushwe, la sivyo ncha ya kitanda huingia ndani ya picha ya kusimama.

Kwa anayebeba mzigo mlimani siku nzima, mbao ni sawa, na sitamshauri vingine. Kwa majengo, boti, chumvi na kusi, nimeridhika na chuma. Ninachotafuta sasa ni lenzi ya milimita 90 kwa vichochoro vya Mji Mkongwe, na nitaichukua ile ambayo tayari imefungwa kwenye kibao cha Technika.