Kinyonga Mweusi Saa Saba Mchana: Nilivyotafuta Kinachomsumbua

Kinyonga akiwa mweusi saa moja asubuhi, mwache. Ametoka kulala kwenye baridi na amejitia rangi ya giza ili anywe joto la jua upesi. Akiwa mweusi saa saba mchana, hakuna aliyemgusa wala kinachomtisha mbele yake, hapo pana jambo.

Kinyonga wangu, dume wa pembe tatu, alikaa hivyo karibu wiki mbili za mwezi wa Julai. Nikisogeza mkono alijibana mbavu akawa bapa kama jani, akapanua kinywa na kutoa pumzi kwa kishindo. Alasiri alifumba macho akiwa tawini. Akirusha ulimi alimkosa nyenje mara tatu kati ya nne. Mtu akimtazama mara moja atasema huyu ana hasira tu. Lakini mnyama anayewindwa na ndege, nyoka na paka huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuuficha zimwishie, kwa hiyo dalili unayoiona leo ilianza siku nyingi nyuma.

Kabla sijaendelea, jambo la kibali. Kinyonga ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 huwezi kumtoa kwenye ua la jirani ukamfuga bila ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kama huna kibali na umemkuta mtini, muache pale pale mtini. Huyo hahitaji taa wala dawa yako.

Kosa ambalo wengi hufanya, nami nilikaribia kulifanya, ni kukimbilia dawa. Mimi nilichukua daftari. Kwa siku nne niliandika mambo matano: saa, rangi, tawi alilokaa, joto la tawi hilo, na hali ya macho. Niliandika saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, na saa kumi na mbili na nusu jioni. Kipimajoto lazima kiwe pale kinyonga anapokaa, urefu ule ule. Nilipokibandika ukutani kilinionyesha nyuzi 23; nilipokifunga kwenye tawi lake kilishuka hadi 19. Nyuzi nne hizo ndizo zilizokuwa zimenidanganya muda wote.

Siku ya nne mpangilio ulijitokeza. Weusi ulikuja mara mbili kwa siku, na mara hizo mbili hazikufanana. Wa jioni ulikuja na kufura koo, kujibapisha na kuyumba huku amekabili dirisha. Wa mchana ulikuwa mtulivu: amejilaza tawini, upande mmoja wa mwili umegeuzwa juu kama anayeota jua, ila jua halipo. Hizo ni shida mbili, na kila moja ina tiba yake.

Ya jioni ilikuwa rahisi. Giza likiingia nje na taa ikawashwa ndani, kioo cha dirisha hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Kinyonga dume akiona sura yake hudhani dume mwingine ameingia mipakani mwake, na mgeni huyo haondoki kila jioni. Nilibandika karatasi ya kaki kwenye kioo, upande wa kizimba. Jioni ya kwanza alifura koo kidogo tu. Ya pili hakufura kabisa. Kama hujui anachokiona, lete macho yako mahali pa macho yake, saa ile ile anayobadilika. Tazama na juu pia. Nairobi ina kunguru na mwewe wengi, na kivuli cha mwewe kikipita juu ya wavu kinatosha kumtia weusi wa nusu saa. Paka akilala karibu ni vivyo hivyo, hata kama hajawahi kumgusa. Na vinyonga wawili wasikae wanaonana, hata kama kila mmoja ana kizimba chake. Dawa ya haya yote ni majani mengi, mhibiskusi au mtini wa mapambo, na tawi la kulalia lililo juu kuliko macho ya mtu aliyesimama. Kinyonga anayetazamwa kutoka juu hujiona mawindo.

Ya mchana ndiyo iliyonichukua muda.

Kinyonga wa pembe tatu, ambaye wataalamu humwita Trioceros jacksonii, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya, na Nairobi yenyewe ni kwao. Hapa tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa nyuzi 12 haumdhuru; mwili wake umeumbwa kupoa usiku na anaupumzisha hivyo. Wanaowasha taa ya joto usiku kucha wanamnyima usingizi na kumkausha. Kinachomuumiza mwezi wa Julai ni mchana usiopata joto: wingu tangu asubuhi, na ndani ya nyumba ya mawe tawi linabaki nyuzi 18 au 19 siku nzima. Kwenye mti angepanda kileleni awahi jua la dakika kumi kati ya mawingu. Kizimbani hana pa kupanda. Bila joto chakula hakisagiki tumboni vizuri, hamu ya kula inapotea, na anabaki mweusi akingoja jua ambalo halimfikii.

Nilifunga balbu ya wati 40 nje ya wavu wa juu, sentimita 25 kutoka tawi la juu kabisa, nikapima mpaka tawi likasoma nyuzi 27. Pima pale mgongo utakapofika, maana mgongo na ukosi ndivyo vinavyoungua kwanza. Taa iwake saa moja na nusu asubuhi hadi saa tano, kisha saa nyingine mbili alasiri siku za wingu zito. Upande wa chini wa kizimba ubaki nyuzi 20 au pungufu ili awe na pa kukimbilia. Huyu si kinyonga wa jangwani: ikipita nyuzi 30 anaanza kupauka na kuachama kinywa. Januari na Februari, chini ya paa la mabati, taa hiyo hiyo itamuua, kwa hiyo msimu wa joto naizima.

Hapa kuna kosa nililolirekebisha. Kwa kuogopa baridi nilikuwa nimekizungushia kizimba karatasi ya nailoni pande tatu. Joto halikuongezeka hata nyuzi mbili, ila hewa ilisimama na majani yakabaki na maji mpaka asubuhi. Hewa iliyosimama pamoja na baridi na majimaji ndiyo mwanzo wa ugonjwa wa mapafu. Dalili zake uzijue: kichwa kimeinuliwa juu kila wakati, kinywa kimeachama hata tawi likiwa baridi, mlio mdogo wa kukatika kila akivuta pumzi, na kamasi au mapovu pembeni mwa kinywa. Ukiona mapovu, usisubiri kesho. Wangu hakuwa amefika huko. Nilitoa nailoni, nikaacha upande mmoja tu ule wa upepo.

Taa ilimrudishia rangi ya kijani mchana ndani ya siku tatu. Ulimi bado ulikosa shabaha, na mshiko wa miguu ya nyuma ulikuwa dhaifu: nilipompa tawi dogo ashike kisha nikalivuta taratibu, aliliachia upesi. Hapo nikageukia jua lenyewe.

Tangu Mei kizimba kilikuwa kwenye veranda iliyofungwa vioo. Mwanga ulikuwa mwingi, nikaridhika. Lakini kioo cha dirisha kinazuia karibu miale yote ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila UVB ngozi ya kinyonga haitengenezi vitamini D3. Bila vitamini hiyo kalsiamu unayomnyunyizia kwenye nyenje inapita tumboni na kutoka, haiingii mwilini. Misuli hukosa kalsiamu, ulimi hulegea, mshiko hulegea, na mwisho mifupa hulainika: viwiko hupinda, taya huwa laini kama mpira, miguu hutetemeka akitembea. Usichanganye kutetemeka huko na ule mwendo wake wa kuyumbayumba mbele na nyuma. Huo ni wa kawaida, anajifanya jani linalopigwa na upepo.

Tiba ya bei nafuu ipo nje ya mlango. Jua likitoka, hata kwa vipindi, namtoa na kizimba chake cha wavu dakika 20 hadi 30 kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nusu ya kizimba ikiwa kivulini, nami nakaa hapo hapo. Kamwe usimtoe kwenye tangi la kioo au ndoo ya plastiki. Joto hupanda ndani ya dakika chache na atakufa mbele yako. Kwa siku zisizo na jua niliweka taa ya mrija ya UVB, ile ya nguvu ya chini inayoandikwa asilimia 5 au 6, sentimita 25 kutoka tawi. Mrija hubadilishwa kila mwaka hata kama bado unang'aa, kwa sababu miale hiyo hupungua kabla mwanga haujapungua. Wavu wa kizimba uwe wa dirishani, mlaini. Waya wa kuku huwang'oa kucha.

Unga wa kalsiamu usio na D3 naupaka nyenje kidogo sana, kama vumbi, karibu kila mlo. Wenye D3 na vitamini nyingine ni mara moja au mbili kwa mwezi. Vinyonga wa milimani hawavumilii wingi. Koo na shingo vikijaa maji kama mfuko baada ya wiki za unga mzito, punguza unga.

Maji yalikuwa shida ya tatu, na daftari ndilo lililoifichua. Katika haja ya kinyonga kuna sehemu nyeusi na sehemu ngumu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake. Nyeupe ni salama, manjano kidogo kwenye ncha si neno, rangi ya chungwa yote ni kiu. Ya wangu ilikuwa chungwa, na macho yalikuwa yamezama kidogo. Kinyonga hatambui maji kwenye bakuli. Anahitaji tone linalometa na kutembea juu ya jani. Nanyunyiza kwa dakika mbili kamili asubuhi, kwani wengi huacha pale tu anapoanza kulamba, kisha nafungulia dripu ya duka la dawa, tone moja kila sekunde mbili, kwa saa moja, ndoo ikiwa chini. Kunyunyiza kwa pili ni saa tisa, ili majani yakauke kabla ya usiku. Mkojo ulirudi mweupe siku ya tano.

Uzito ndio ulionipeleka kwa daktari. Kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu alikuwa ameshuka kutoka 52 hadi 46. Kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi si jambo la kungojea. Nilibeba haja mbichi ya siku hiyo hiyo kwenye kichupa kisafi, pamoja na daftari. Kabla ya kwenda, uliza kama daktari huwatibu reptilia. Wengi wamezoea mbwa na ng'ombe. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Darubini ilionyesha mayai ya minyoo, akapewa dawa iliyopimwa kwa gramu zake, na akarudia baada ya wiki mbili. Nawasihi sana, msinunue dawa ya minyoo ya mbuzi kwenye agrovet na kukisia tone. Ivermectini, kwa mfano, ni sumu kwa kobe, na kwa mnyama wa gramu 46 tone moja la ziada ni dozi nyingine kabisa.

Yapo pia mambo yanayofanana na ugonjwa bila kuwa ugonjwa. Anayejivua ngozi hupauka mabaka, hukataa chakula siku moja mbili, hujisugua matawini na kutunisha macho. Mwongezee maji na usimbandue. Jicho moja likifumba, mara nyingi ni kipande cha ngozi au uchafu, na ukungu wa maji ya vuguvugu dakika tano husaidia. Macho yote mawili yakifumba mchana, mpeleke. Jike wa pembe tatu hazai mayai, huzaa watoto hai baada ya miezi mingi, na akikaribia huwa mkali na hutembea huku na huku sakafuni.

Kuhusu chakula, nyenje asizidi upana wa kati ya macho mawili ya kinyonga. Watano au sita kila siku ya pili wanamtosha kinyonga aliyekomaa, wakiwa wamelishwa sukuma wiki na boga siku nzima kabla. Panzi wa bustani iliyopuliziwa dawa asiingie kizimbani. Baada ya siku 26 mizani ilisoma 51, na saa saba mchana alikuwa kijani, jicho moja likinifuata mimi na jingine likimfuata nzi. Mkiani alibaki na vidonda vidogo viwili ambavyo mwanzo sikuvielewa: ni nyenje waliobaki, wanaomng'ata usiku akilala. Siku hizi nawahesabu wanaoingia, na waliobaki nawatoa kabla ya saa kumi na mbili.