Siku moja na jeni namba 417

Saa kumi na moja alfajiri, Malindi. Chai ya tangawizi, mahamri, kompyuta. Jeni ninayoihangaikia ilitoka kwa bakteria wa tope la mikoko, huko Mto Sabaki unakoingilia baharini. Daftarini tunaiita 417. Kwenye kanzidata, kinachotengenezwa nayo kimeandikwa "protini isiyojulikana kazi". Ziko nyingi mno za namna hiyo: hata jenomu ya bakteria E. coli iliposomwa yote mwaka 1997, zaidi ya thuluthi ya jeni zake hazikujulikana zinafanya nini.

BLAST, programu ya kulinganisha jeni na protini, imeifananisha na esterasi (kimeng'enya kinachokata esta, yaani muungano wa asidi na alkoholi) kwa asilimia 31. Hiyo ni fununu tu. Kinachonipa moyo ni serini iliyokaa katikati ya glisini mbili (zote ni asidi amino, vipande vinavyounda protini), kila upande ikiachwa nafasi moja. Vimeng'enya vingi vinavyokata esta vina alama hiyo, na serini ndiyo meno yenyewe.

Saa mbili niko maabara. Saa tatu umeme ukapotea, na protini ikipata joto imeharibika. Mwanafunzi wangu akapanda bodaboda mbio hadi kwa wauza samaki, akarudi na mfuko wa barafu. Tukaendelea kuichuja kwenye nikeli, inayoshika mkia wa histidini sita tulioipachika.

Saa nane, umeme umerudi. Dawa ya kupimia, nitrofenili asetati, haina rangi. Ikikatwa, hutoa umanjano. Nikadondosha kimeng'enya. Hata dakika mbili hazijaisha, kisima, yaani kitundu kidogo cha sahani ya kupimia, kikawa manjano kama maji ya bizari.

"Dada, tumepata!"

"Ngoja kwanza, mdogo wangu."

Kwa sababu kisima jirani, kisicho na kimeng'enya chochote, nacho kilikuwa kinaanza kugeuka, taratibu. Asetati hii hukatika yenyewe majini. Asiyeweka kisima hicho atadanganyika na kudanganya wenzake. Basi tukapima kasi, tukaondoa ile ya maji matupu. Kisha tukajaribu 417 ambayo serini yake tumeibadilisha kuwa alanini, asidi amino isiyo na meno hayo: ikawa sawasawa na maji. Hapo ndipo nilipoamini. Tulipoweka palmitati, yenye mnyororo wa kaboni mrefu kuliko wa asetati, hakikukatika kitu.

Saa kumi na mbili jioni nimeandika: "Esterasi ya minyororo mifupi." Lakini huko topeni inamkatia bakteria nini? Kesho tunaanza kumtoa jeni hiyo, tuone ni chakula gani kitamshinda.